Video ina sauti lakini picha giza? Usilipe kwanza, soma hapa

Leo siongelei mtaji wala mikopo. Naongelea kitu ambacho wengi tunakiona ni mambo ya watoto: video kugoma kucheza kwenye kishikwambi. Mimi kilinitoa sh. 480,000, na aliyeniuzia hakuwa tapeli. Subiri nikusimulie, halafu nikueleze tatizo linatoka wapi na unalimalizaje bila kununua kishikwambi kipya.

Mimi nipo Nyashimo, makao makuu ya wilaya ya Busega, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Nashona nguo. Sare za shule ndizo zinanilisha, maana kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari huku kwetu mzazi aliyeuza pamba na choroko zake anakumbuka kuwa mtoto hana sketi. Kipindi hicho ukiwa na mashine ya ovaloki unakula, ukiwa huna unapeleka nguo kwa mwenye nayo akupigie pindo na unamlipa kwa kila nguo. Nilikuwa nalipa sh. 500 kwa kila nguo. Nikapiga hesabu nikaona hapana, natafuta yangu, hata kama imetumika.

Nikampata kaka mmoja wa Kariakoo kupitia kundi la mafundi. Akaniambia mashine ipo, imetumika, ina alama zake, bei sh. 480,000. Nikamwambia kaka, mimi nipo mbali, nirekodie video niione inavyofanya kazi. Akasema sawa mama, nakutumia kama faili ili isipoteze ubora, maana ukituma kawaida inakuwa na ukungu. Kweli akatuma. Dakika 3, MB 180. Nikanunua bando, nikaisubiri ishuke, nikafungua.

Sauti ikaanza vizuri kabisa. Picha giza. Nasikia mashine inanguruma, nasikia watu wa Kariakoo wanapiga kelele, namsikia kaka anaeleza: hapa ndio sehemu ya nyuzi, hapa ndio mota. Kisha akasema hivi, na maneno haya sitayasahau: "Sasa hapa mama, kama unavyoona, ndio sababu ya ile bei. Ukiridhika, sawa."

Mimi sikuona chochote, skrini nyeusi tii. Nikajisemea labda anaonyesha rangi iliyochubuka. Akanipigia: "Umeona mama?" Nami nikajibu: "Nimeona kaka, haina shida." Kwa nini nilidanganya? Kwanza niliona aibu kusema kishikwambi changu hakifungui video. Pili aliniambia kuna mteja wa Morogoro anaiulizia, nikaogopa itaondoka. Nikatuma hela.

Mashine ikashushwa kwenye basi la Musoma. Kufungua, kuna ufa kwenye bodi, pale mkono wa mashine unapoungana na kitako. Umechomelewa, lakini kwa kulipua. Nikampigia kaka kwa hasira. Akanijibu kwa upole: "Mama, si nilikuonyesha mpaka kwa kidole, ukasema umeona?" Nikakosa la kusema. Fundi akatoka Magu kuja kuiangalia, akasema ukishona nusu saa inatikisika, sindano zinakatika, na chuma cha namna ile kukichomelea upya ni kubahatisha. Januari ile nilikuwa na oda ya nguo 140 ya shule moja. Nikarudi kule kule kwa sh. 500 kwa nguo, na foleni juu. Nguo 60 zilichelewa, mwalimu akachukua kwa mwingine.

Baada ya wiki mbili hivi nilipanda hiace kwenda Lamadi. Kuna kijana pale anaingiza muvi na nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nikamwonyesha ile video. Akairusha kwenye simu yake, ikacheza picha na sauti safi kabisa. Dakika ya 2 na kitu, kidole cha yule kaka kinatembea juu ya ufa, taratibu, mara mbili. Nilitaka kulia, bana.

Yule kijana ndiye aliyenifungua macho. Mengine nimeyachimba mwenyewe baadaye, maana nilikuwa na hasira.

Ukiangalia jina la faili la video utaona mwishoni kuna herufi: MP4, MKV, MOV, AVI, 3GP, WEBM. Wengi tunadhani hiyo ndiyo aina ya video. Siyo. Hilo ni gunia tu. Ndani ya gunia kuna vitu viwili vimefungwa, picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa njia yake. Wewe unajua gunia lililoandikwa mchele linaweza kuwa na mpunga ndani. Ndivyo ilivyo MP4: ndani yake inaweza kuwa picha iliyobanwa kwa njia ya zamani ambayo kila kifaa kinaifahamu, au kwa njia mpya ambayo kishikwambi chako hakijawahi kuisikia. Ndiyo maana video mbili zote ni MP4, moja inacheza, nyingine inagoma. Na ndiyo maana ile mbinu ya mtaani ya kubadilisha jina la faili kutoka MKV kuwa MP4 haisaidii kitu. Umebadilisha maandishi ya gunia, mpunga umebaki mpunga.

Hizo njia za kubana zinaitwa kodeki. Ukitaka kuielewa kodeki haraka, kumbuka mambo ya ving'amuzi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. TV ilikuwa ile ile, antena ile ile, na umeme upo. Lakini matangazo yalikuwa yamefungwa kwa namna nyingine, na bila king'amuzi uliangalia chenga. Kodeki ni king'amuzi kilichomo ndani ya simu au kishikwambi. Kikikosekana cha picha, unapata sauti peke yake. Kikikosekana cha sauti, unapata picha bubu.

Kwa upande wa picha, zipo chache ambazo inafaa uzijue kwa jina. H.264 ilitoka mwaka 2003, na hii ndiyo kila mtu anaijua: simu ya bei ya chini, kishikwambi cha zamani, TV, kompyuta, zote zinaicheza. H.265, ambayo pia huitwa HEVC, ikaja mwaka 2013. Faida yake ni kwamba inabana zaidi, faili linaweza kuwa karibu nusu ya lile la H.264 na picha ikabaki nzuri vile vile. Google nao wana VP9, ambayo YouTube inaitumia sana, na mwaka 2018 ikaja AV1 iliyotengenezwa na kampuni nyingi kwa pamoja. Kadiri ilivyo mpya ndivyo inavyobana zaidi, na ndivyo kifaa cha zamani kinavyozidi kuhangaika.

Sasa yule kaka wa Kariakoo alirekodi kwa iPhone. Tangu mwaka 2017, ilipotoka iOS 11, iPhone kuanzia toleo la 7 zinarekodi kwa HEVC zenyewe, bila mtu kuchagua. Na angenitumia kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, WhatsApp ingeifinya video na kuigeuza iwe ya kila mtu. Lakini alituma kama faili, na faili halifinywi, linafika kama lilivyo. Nia yake ilikuwa njema kabisa, nione vizuri. Ndiyo iliyoniponza.

Kwa nini kishikwambi changu kilishindwa wakati simu ya kijana iliweza? Hapa nitumie kazi yangu mwenyewe. Ukitaka kuzuia nyuzi zisichomoke kwenye pindo, una njia mbili. Ya kwanza ni ovaloki, mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, inamaliza sketi kwa dakika. Ya pili ni sindano ya mkono, inawezekana, ila utachoka na siku itaisha. Chipu ya kishikwambi nayo ina kisehemu kilichotengenezwa maalumu kwa kufungua kodeki fulani. Kama kisehemu cha HEVC kimo, video inateleza na chaji hailiwi sana. Kama hakimo, huwezi kukiongeza hata ukisasisha mara mia. Inabaki njia ya mkono, yaani programu inailazimisha chipu kuu ifanye kazi hiyo kwa nguvu zake. Kishikwambi kinapata moto, chaji inashuka, na video kubwa inakatakata. Changu nilikinunua kimetumika, Android 7, RAM GB 1. Programu yake ya video haikujaribu hata hiyo njia ya mkono, ilicheza sauti na kuachia giza.

Nimejifunza kuangalia dalili kabla ya kulaumu. Sauti ipo na picha giza, karibu kila mara ni kodeki ya picha. Picha ipo na sauti hakuna ni kinyume chake. Hii utaiona sana kwenye muvi za kutafsiriwa mnazoingiziwa kwenye flashi, nyingi ni MKV na sauti yake ni ile ya AC3 au DTS, aina za sauti ambazo kwa muda mrefu zilihitaji leseni ya kulipia, kwa hiyo programu nyingi za bure zinaziruka. Watoto wangu walidhani spika imekufa, tukataka kupeleka kwa fundi! Picha na sauti vipo lakini vinakatakata na havilingani, hapo kodeki ipo ila kifaa hakina nguvu, au video ni kubwa mno. Video ikikataa kufunguka kabisa, kabla ya yote angalia kama ilimaliza kushuka. Linganisha MB ulizopata na alizotuma mwenzako. Bando likikata katikati, faili linabaki nusu, na hapo hakuna programu itakayokusaidia.

Haya, unafanyaje.

Cha kwanza hakihitaji kupakua chochote: mwambie aliyekutumia airudie kwa njia ya kawaida, achague kutoka kwenye picha zake, siyo kama faili. Ubora utapungua kidogo lakini utaona. Kama ni kitu cha kukagua kabla ya kulipa, bora zaidi mpigiane simu ya video. Dakika 5 za kupigiana mara nyingi hazili bando kama lile faili langu la MB 180, na unaweza kusema "kaka geuza huko nyuma, sogeza karibu, washa taa." Video iliyorekodiwa inakuonyesha anachotaka yeye. Simu ya video unaangalia unachotaka wewe. Ningejua hilo mapema, nisingekuwa naandika haya.

Kama faili tayari unalo na huna wa kumwomba arudie, weka VLC. Ipo Play Store, bure, haina matangazo. Alama yake ni ile koni ya barabarani ya rangi ya chungwa na nyeupe. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, na tangu 2001 imekuwa wazi kwa yeyote kuitumia na kuiboresha. Uzuri wake ni kwamba imebeba kodeki zake yenyewe ndani, haitegemei alizoweka mtengenezaji wa kishikwambi. Ile ya picha bila sauti, mimi iliisha siku hiyo hiyo nilipoiweka.

Ukifungua kwa VLC na bado ni giza, ingia kwenye setingi zake, tafuta palipoandikwa Hardware acceleration, weka Disabled. Hapo unaiambia iache kukitegemea kile kisehemu cha chipu, ishone kwa mkono. Video ndogo itacheza. Ile yangu ya mashine ilicheza kwa kusuasua, picha inaganda, inaruka, lakini ufa unaonekana. Ingetosha kabisa kuokoa pesa yangu. MX Player nayo ina kitufe juu cha kubadilisha kati ya HW na SW, maana yake ni hiyo hiyo, SW ndiyo ya mkono. Ila ina matangazo, na zile sauti za AC3 haizichezi mpaka uiongezee faili la kodeki pembeni, kwa hiyo mimi nimebaki na VLC.

Njia nyingine ninayoipenda ni kupitia YouTube. Mwenye video anaipandisha kwenye akaunti yake, asiiweke ya watu wote, achague ile ya kuonekana na mwenye linki tu, kisha akutumie linki. YouTube inapokea karibu kila gunia unaloliona, inalifungua na kutengeneza nakala nyingi za ukubwa tofauti, zikiwemo za H.264 kwa vifaa vya zamani. Wewe unachagua 360p au 480p unaangalia, bando halilii. Kwa aliye mbali na anayetaka kuonyesha bidhaa kwa wateja wengi, hii ni kiboko.

Kugeuza video yenyewe nimekuachia mwisho kwa sababu kwenye kishikwambi chenye nguvu ndogo ni mateso. Nilijaribu mara moja, video ya dakika 3 ikachukua zaidi ya saa nzima na kishikwambi kikazima kwa joto. Peleka steshenari yenye kompyuta au kwa kijana wa muvi. Programu ya HandBrake ya kwenye kompyuta ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Andika kwenye karatasi umpe, ili asikugeuzie ovyo: iwe MP4, picha H.264, ukubwa 720p, sauti AAC. Ukimpa maneno hayo hana sababu ya kukosea. Akikuuliza hiyo video ipoje sasa hivi, kwenye VLC bonyeza kwa muda kwenye jina la video, fungua taarifa zake, utaona imeandikwa kodeki gani. Ukiona HEVC au AV1, umeshajua ugonjwa.

Video za kwenye kurasa za mtandao zina mambo yake. Ukifungua linki ndani ya Facebook au Instagram na video haichezi, usiipigie kelele intaneti kwanza. Pale unatumia kivinjari kidogo kilichomo ndani ya programu hiyo. Bonyeza vile vitone vitatu, fungua kwa Chrome, mara nyingi inacheza. Hakikisha pia tarehe ya kishikwambi ni sahihi. Chaji ikiisha kabisa vingine vinarudi miaka ya nyuma, na kurasa zinagoma kufunguka kwa usalama. Na ujue kwamba Chrome yenyewe iliacha kuhudumia Android 7 tangu Desemba 2023, kwa hiyo sisi wa Android 7 tunatumia ya zamani isiyosasishwa tena. Toleo lako utaliona kwenye setingi, chini kabisa, sehemu ya kuhusu kifaa.

Hapa sasa naomba uniangalie usoni. Ukurasa ukikuambia "video haichezi, pakua plea hii" au "sasisha Flash Player", ondoka hapo. Flash ilikuwa kitu cha kweli zamani, video nyingi za mtandaoni zilitegemea hiyo. Lakini kwenye Android iliondolewa Play Store tangu Agosti 2012, na Adobe waliizika rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Leo hakuna Flash ya kishikwambi, hata ya kuombea. Anayekupa linki ya kuipakua anakupa kitu kingine. Na faili hilo la APK likishaingia linaomba ruhusa: kusoma meseji, kuonyesha vitu juu ya skrini, kutumia zile huduma za wenye ulemavu wa kuona. Plea ya video inasoma meseji zako za nini? Meseji ndimo namba za uthibitisho za benki na pesa za simu zinamopita. Sisi tunaotumia kifaa kimoja kwa kuangalia video, kupokea malipo na kuwasiliana na wateja, mlango ukifunguliwa hapo ni duka zima limefunguliwa. Jirani yangu anayeuza dagaa alishabonyeza "kubali" mara mbili kabla sijampokonya simu. Plea unachukua Play Store, basi.

Na usisahau kwamba wewe pia ni mtumaji. Mimi sasa natuma video za mitindo kwa wateja wa vijiji vya huku na kwa mama mmoja wa Bariadi anayechukua jumla. Wengi wana simu za kawaida, wengine ndio kwanza wametoka kwenye kitochi. Nikirekodi kwa ubora wa juu kabisa najifurahisha mwenyewe. Dakika 1 ya 4K kwenye iPhone ni kama MB 170 hata ikiwa imebanwa kwa HEVC, na ukiitaka kwa H.264 inafika MB 350. Nani wa Badugu atanunua bando la kuangalia kola ya shati? Binti yangu, mwenye simu nzuri ninayorekodia, nilimwambia aweke 720p. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Camera, kisha Formats, chagua Most Compatible. Tangu hapo inarekodi H.264. Simu nyingi za Samsung nazo kwenye setingi za kamera zina kipengele cha video ya kubana zaidi, kizime. Video iwe fupi, sekunde 30 au 40, na onyesha kasoro au rangi halisi huku unaitaja kwa mdomo. Usiseme "kama unavyoona hapa". Sema "hapa kwenye mkono wa kushoto kuna doa dogo jeusi." Mteja ambaye picha imemgomea atasikia, atauliza.

Hicho ndicho nilichomwomba na yule kaka wa Kariakoo. Ndiyo, bado nanunua kwake. Tulikaa miezi hatuongei, kisha nikampigia nikamweleza ukweli kwamba siku ile sikuona kitu, nilidanganya. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, ungesema tu." Ile mashine niliiuza kama spea kwa fundi wa Magu kwa sh. 150,000. Mota yake ilikuwa nzima.

Juzi kanitumia video ya mashine ya kutobolea matundu ya vifungo, kwa njia ya kawaida, sekunde 50, anataja kila kitu kwa jina. Nikasimamisha pale mwanga ulipopiga ubavuni, nikavuta picha, nikampigia kwa video. "Kaka, huo mstari hapo pembeni ya gurudumu ni nini?" Akausugua kwa kidole, ukatoka. Ilikuwa grisi. Akacheka sana: "Leo mama umeona kweli."